Jina Ukingoni mwa Nishani

Kwa Ofisi ya Tawi, Msimbati
S.L.P. Mtwara
3 Machi 1974

Mwanangu Ismaili,

Salaam. Sisi huku wazima. Kinachoumwa ni mguu wangu wa kushoto tu, nao nimeshauzoea. Mihogo imekubali mwaka huu, na nguruwe pori wamepata habari hizo kabla yetu. Binamu yako Amina amejifungua mtoto wa kike wakampa jina langu, kwa hiyo ukiambiwa Zuhura analia kutwa na hataki uji, ujue si mimi.

Mwandiko huu ni wangu mwenyewe, usinitafutie karani. Tunakwenda kisomo tangu mwaka jana, wanawake wazima na macho yetu mabovu, tunasoma kitabu kinachotufundisha kupalilia mikorosho. Mikorosho tunaijua, kusoma ndiko tulikokuwa hatukujui, basi tunavumiliana na kitabu.

Jambo moja kabla ya mengine. Barua yako ya mwezi wa kwanza imekwisha kwa maneno "ni mimi mwanao," jina hakuna. Mimi nani? Babu yako Likwata, Mungu amrehemu, mtoto akibisha hodi akaulizwa "nani" akajibu "mimi," siku hiyo anachapwa. Ilikuwa lazima useme jina lako na la baba yako, hata kama umetoka kisimani na ndoo kichwani na watu wote wanakuona. Wewe umekulia Tabora kwenye nyumba za reli, hukuzipata fimbo hizo, ndiyo maana unaandika hivyo.

Sasa nishani. Bwana Gaudensi wa bandarini, yule anayekaa Rahaleo ya Mtwara mjini, anakuja huko na meli na ameapa atakukabidhi mkononi. Nimeifunga katika kipande cha kanga. Usishangae weusi wake, miaka yote ilikaa darini juu ya jiko, imekula moshi kuliko samaki. Baba aliipata baada ya ile vita ya Mjerumani, alipokuwa askari wa Keya, jeshi la Mwingereza, kabla sijazaliwa. Hakutusimulia kitu. Ukimuuliza habari za vita, anakuuliza kama umewapa kuku maji.

Ninachotaka kwako ni hiki. Tumeambiwa tutoke mashambani tukakae pamoja kijijini, kando ya barabara. Viwanja vimeshagawanywa, na changu kimepakana na cha Bi Mwanaisha. Kaka yake, Salumu, aliondoka siku ile ile na baba kwenda Keya, ila Salumu hakurudi. Tangu nipate akili Bi Mwanaisha anasema kwamba baba yangu aliitikia jina lisilo lake. Anasema nishani ilipoletwa boma la Mikindani, lililoitwa halikuwa jina la Likwata, naye akatoka mbele akaipokea. Maana yake amekula cha maiti, cha rafiki yake aliyemwacha porini.

Kule mashambani tulikuwa mbali, maneno yake yalinifikia yamepoa. Sasa nitamsikia hata akikohoa. Nataka nijue kabla sijajenga. Ni ya baba au si ya baba? Huko kwenu wazee wa Keya wapo na wasomi wapo. Waulize.

Shangazi yako,
Zuhura binti Likwata


Dar es Salaam
28 Aprili 1974

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta salama. Sisi hatujambo, mke wangu na watoto wanakusalimu, na hongera kwa Amina. Barua yako niliipata wiki iliyopita. Nadhani ilikuja kwa miguu.

Habari za huku ni za kilimo. Ofisi yetu imepewa shamba nje ya mji na kila Jumamosi sisi makarani tunakwenda kulima. Nimeota malengelenge mikono yote miwili. Najua utacheka, na unayo haki.

Nishani nimeipokea kwa Bwana Gaudensi bila upungufu. Niliisugua kwa majivu na ndimu, na chini ya ule weusi kumbe ni fedha. Upande mmoja pana kichwa cha mfalme wa Waingereza. Upande wa pili yuko mwanamume juu ya farasi, uchi wa mnyama, ameshika upanga. Sijui ni vita gani iliyopiganwa hivyo.

Nimempata mzee mmoja, Mzee Stefano, aliyekuwa sajini wa Keya, sasa ni mlinzi wa ghala. Anaeleza kwamba nishani za vita ile zilichongwa ukingoni namba ya askari, cheo na jina lake. Hakupewa mtu kwa kuonewa huruma. Jina lililochongwa ndilo lenye mali.

Kwa sasa maandishi ya ukingoni hayasomeki vizuri. Nitaendelea kuulizia na nikipata la maana nitakuarifu.

Wako mtiifu,
Ismaili Hamisi


Msimbati
23 Juni 1974

Mwanangu Ismaili,

Marahaba. Safari hii umeandika jina, umekuwa mtu.

Barua yako ilikaa Mtwara mjini muda mrefu kwa sababu mvua iliikata barabara, na gari lililokuja kuipima likazama nalo. Zuhura mdogo ameota meno na anayajaribu kwa kila mtu. Mguu wangu haujambo. Pole kwa malengelenge. Yaache yapasuke yenyewe, kisha usiache kulima, ukiacha yanarudi.

Bi Mwanaisha alikuja kuangalia kiwanja chake. Alikizunguka taratibu na fimbo yake, akafika mpakani kwangu, akasema, "Haya, jirani. Na ile nishani nayo inahamia huku?" Nikamwambia imekwenda Dar es Salaam kutembea. Akasema, "Isipotee tu. Ina wenyewe."

Unaniambia maandishi hayasomeki. Mwanangu, nilipokuwa msichana, baba akiondoka nilikuwa naishusha ile nishani darini na kupitisha kidole ukingoni. Palikuwa panakwaruza chini ya ule moshi, alama moja moja, nikawa nazihesabu bila kujua ninahesabu nini. Kidole changu kiliyasikia maandishi yakiwa na masizi. Wewe umeyaosha kwa ndimu, una miwani, una cheti cha darasa la kumi na mbili, halafu hayasomeki. Labda ndimu za huko ni kali mno.

Tazama tena.

Shangazi yako,
Zuhura binti Likwata


Dar es Salaam
15 Septemba 1974

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Samahani kwa kuchelewa. Sisi hatujambo.

Tumesikia redioni kwamba Wareno wametia sahihi na vita vya ng'ambo ya Ruvuma vimekwisha. Nadhani ninyi mlijua kabla ya redio, kwa kusikia ukimya. Nimefurahi kwa ajili yenu, maana nilikuwa na wasiwasi kila nikisikia habari za ndege zao kuvuka mto. Huku sukari imeadimika na foleni ya unga inaanza mapema. Shamba letu la ofisi limetoa mahindi machache yenye afya mbaya, na mkuu wetu amepiga nayo picha.

Nimemkabidhi Bwana Gaudensi sabuni za kufulia na doti moja ya kanga, atakuletea.

Kuhusu lile jambo letu, kazi zimekuwa nyingi. Nilitaka kukuuliza tu, kwani hicho kiwanja hakiwezi kubadilishwa? Ukimwona mwenyekiti ukamweleza habari ya mguu wako, labda atakupa cha upande mwingine wa kijiji.

Wako mtiifu,
Ismaili Hamisi


Msimbati
6 Oktoba 1974

Mwanangu Ismaili,

Marahaba. Sabuni zimefika, ahsante. Kanga ina jina zuri, nimeipenda, naivaa. Tuko wazima.

Nimekuuliza habari ya nishani, umenijibu habari ya kiwanja. Basi umeshanijibu, ila umenijibu nusu. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Sitahama kiwanja kwa mguu wala kwa kichwa. Miti nimesimamisha, fito nimefunga, bado kukandika udongo, na sikandiki mpaka nijue nitakaa humo kama mtoto wa nani.

Najua kusoma sasa. Niandikie kilichochongwa pale ukingoni, herufi kwa herufi. Usinipunguzie, usinitafsirie.

Zuhura binti Likwata


Dar es Salaam
3 Novemba 1974

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini wote hamjambo.

Maandishi yanasomeka. Yalisomeka tangu Aprili. Yapo hivi: kwanza namba, kisha PTE, maana yake askari asiye na cheo, kisha jina, kisha herufi za Keya. Jina lenyewe ni NANGU.

Nilimwonyesha Mzee Stefano nikitumaini kwamba macho yangu ndiyo mabovu. Alilisoma akanirudishia. Aliniuliza babu yangu aliitwa nani, nikamwambia Likwata. Akasema, "Basi hii ya mtu mwingine, kijana wangu. Wala usihangaike." Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayekwambia basi la kwenu limeshaondoka.

Nilifikiri kwamba nikimpata mwenye jina hilo nitakuletea jibu kamili na si aibu tupu. Kwa hiyo nilimwomba Bwana Gaudensi aulizie kimyakimya huko Mtwara kama kuna ukoo wa Nangu. Yeye amehamishiwa huko kutoka Tanga mwaka jana tu na watu hawajui vizuri, lakini alijitahidi. Aliulizia sokoni, akaulizia mpaka Mtawanya. Anasema kila aliyemuuliza "Nangu ni nani?" alimcheka. Mwanamke mmoja muuza dagaa alijipiga kifua mpaka mizani ikaanguka. Tuliyapima sote wawili tukaona huenda ni ukoo uliofanya jambo la kuchekesha zamani na watu hawataki kumwambia mgeni.

Kama Salumu, kaka yake Bi Mwanaisha, alikuwa wa ukoo huo, basi naona hatuna budi kumrudishia nishani yake. Babu siwezi kumhukumu, sikumjua. Wewe ndiye uliyemjua. Nimekaa na jambo hili miezi yote hii kwa sababu sikutaka likufikie kutoka mkononi mwangu. Niwie radhi.

Wako,
Ismaili Hamisi


Msimbati
1 Desemba 1974

Mwanangu Ismaili,

Marahaba, na usamehewe. Niliisoma barua yako nimesimama nje ya ofisi ya tawi. Nilicheka mpaka katibu akatoka kuangalia, kisha nikalia mbele yake, kisha nikarudi nyumbani. Kesho yake nilikandika ukuta wa mbele.

Nangu si ukoo. Nangu ni Kimakonde, maana yake "mimi." Gaudensi wa watu alikuwa anapita sokoni anauliza mimi ni nani. Ningekuwa mimi ndiye muuza dagaa, ningecheka hivyo hivyo. Wewe sikulaumu. Marehemu baba yako alidhani Kimakonde na reli havipandi pamoja, akakunyima, na mama yako Mnyamwezi angekipata wapi?

Sasa kaa nami pale, tuone. Mwaka ule wanaandikishwa. Nyuma ya meza kuna karani, mtu wa mbali, ana haraka. Baba ni kijana wa huku, Kiswahili chake wakati ule ni cha kuombea maji. Karani anasema, "Wewe nani?" Baba anajibu, "Nangu." Karani anaandika. Imekwisha hapo. Vita nzima akaitwa Mimi, na nishani ilipofika boma wakamwita Mimi, akatoka mbele. Waliosema lililoitwa halikuwa jina la Likwata walisema kweli. Waliosahau ni jina gani lililoitwa ndio waliotuletea maneno.

Nimekumbuka jambo lingine, na hili ndilo lililonikalisha chini. Sisi watoto tulikuwa tunajisahau. Unabisha hodi, mama anauliza nani, unajibu "nangu" kabla hujajizuia. Baba alikuwa anasimama. Anasimama wima, mikono ubavuni, macho mbele, hata kama alikuwa anakula. Halafu anaketi. Halafu ndipo anauliza fimbo iko wapi. Miaka yote nilidhani anasimama kwa hasira. Mwanangu, alikuwa anaitwa.

Nimempenda leo kuliko nilivyompenda akiwa hai. Nasikitika nimechelewa, lakini ndivyo ilivyo.

Nikimaliza kukandika nitakwenda kwa Bi Mwanaisha. Nimeshapanga maneno, ya kwanza mpaka ya mwisho. Miaka mingi amesema yeye.

Shangazi yako,
Zuhura binti Likwata


Dar es Salaam
26 Januari 1975

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Heri ya mwaka mpya. Nilimpelekea Mzee Stefano habari zako. Alicheka, kisha akaniambia kwamba katika kombania yao palikuwa na mtu aliyeandikwa Sijui, na mwingine aliyeandikwa Kesho. Alikuwa hajawahi kujiuliza kwa nini.

Nishani inakuja na Bwana Gaudensi. Amesema atakuomba radhi yeye mwenyewe kwa ukoo wa Nangu.

Hujaniambia Bi Mwanaisha alisemaje. Nimengoja barua, haikuja.

Kuna jambo moja. Mzee Stefano anasema majina yalikuwa yanajirudia, na ndiyo maana kila askari alipewa namba yake. Namba ile ipo ukingoni, inasomeka. Vitabu vya Keya vilichukuliwa kwenda Uingereza, na ukiwaandikia ukawapa namba, wanaweza kukujibu mtu huyo alitoka kijiji gani, kama alirudi au alikufa. Anwani ninayo. Hapo hapatabaki shaka tena, wala kwa Bi Mwanaisha wala kwa mtu yeyote. Niambie neno moja tu, nitaandika siku hiyo hiyo.

Nimejifunza kujibu hodi.

Ismaili, mwana wa Hamisi, mwana wa Likwata


Msimbati
9 Machi 1975

Mwanangu Ismaili,

Marahaba. Nimechelewa, usinihesabie. Tumehamia. Nyumba imekwisha isipokuwa dirisha moja, limezibwa kwa gunia. Mvua hazieleweki mwaka huu, mihogo tunaila ikiwa midogo. Zuhura mdogo anatembea, na akianguka ananitazama kwanza, kama anauliza nani kati yetu alie. Mtihani wa kisomo utakuja mwezi wa nane. Mwalimu anasema nitafaulu, tatizo langu ni kwamba nabishana na kitabu.

Kwa Bi Mwanaisha nilikwenda mwezi wa Desemba. Nilimkuta anamenya mihogo. Nikaketi, nikamwambia yote kama nilivyokuandikia, karani na meza na "wewe nani." Nilipolitaja lile jina alicheka. Sikuwa nimewahi kuyaona meno yake, anayo machache. Tulicheka wote wawili, na nikajisemea, leo nimemnyamazisha.

Kisha akaacha kumenya. Akaniuliza, "Na Salumu wangu? Aliulizwa na karani yule yule, siku ile ile. Yeye angejibuje?"

Angejibu nangu. Angejibu nini kingine? Kiswahili cha kaka yake kilikuwa hicho hicho cha kuombea maji. Walikwenda Nangu wawili, akarudi mmoja.

Nilikuwa na la kumjibu. Ningemwambia jinsi baba alivyokuwa anasimama. Nililifikisha hadi mdomoni. Nikamtazama vidole vyake juu ya kisu, mtu wa umri ule, nikaona kwamba mimi kaburi la baba nalijua lilipo, na fimbo zake ninazo mgongoni. Yeye hana hata jiwe. Nikalimeza. Nikamwambia, "Kweli, dada. Angejibu hivyo hivyo." Akaendelea kumenya, nami nikachukua kisu kingine nikamsaidia.

Basi, Uingereza usiandike. Najua namba ipo na najua watajibu. Ninachokijua mimi kinanitosha, na wewe nimekwambia. Wakijibu, mmoja wetu atatoka mikono mitupu, na kati ya ukuta wake na wangu mbuzi hapiti. Ukiniuliza sababu nyingine, sina.

Gaudensi alipoileta nishani, nilimpelekea Bi Mwanaisha. Nikamwambia ikae kwake kwa sababu kwangu panavuja. Akaniuliza, "Panavuja kweli?" Nikamwambia tusubiri mvua. Ameitundika kwa ndani, juu ya mlango, na ameisugua mpaka yule mtu wa farasi anang'aa uchi wake wote.

Jana jioni niliishiwa chumvi. Nikaenda mlangoni kwake nikabisha hodi. Akauliza kutoka ndani, "Nani?"

Ismaili, tangu utotoni sijawahi kulijibu neno lile bila kutaja jina langu na la baba. Jana nilijibu, "Nangu."

Kisha nikasikia kigoda kinaburuzwa sakafuni, kwa haraka, kama cha mtu aliyesimama ghafla. Akafungua mlango. Akanitazama, akatazama na nyuma yangu, barabarani, ambako hapakuwa na mtu. Nilikuwa peke yangu na kibakuli changu.

Akasema, "Karibuni."

Ni mimi